Mkono wa Ishara wa Mzee Mazengo

Ruthu alikuwa na siku tano, babu mmoja, na lugha tatu za kuchagua. Babu hakuwa wa kuchaguliwa, huyo ni mmoja tu. Lakini angekosea lugha, babu naye angemkosa.

Mambo yalianza Jumapili baada ya kanisa, huko Zuzu, nje kidogo ya Dodoma, nyumbani kwa Mzee Mazengo. Zuzu kuna upepo, na upepo wa huko si wa kuchezea. Mwaka juzi ulimbeba kuku wa Tereza, jirani wa Mzee, ukaenda kumtua Kolo, kule Kondoa, na alipopatikana alikuwa na vifaranga watatu aliowaangua angani. Anayebisha akamuulize Tereza. Basi siku hiyo hata huo upepo ulitulia, ukamsikiliza Yotham, mtoto wa kwanza wa Mzee, aliyekuja na gari lake jeupe kutoka mjini.

"Baba," Yotham alisema, "mimi sikubali kukuzika kwa sababu ya maji ya mbuzi."

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga Mzee upande wa kulia. Kichwa kilibaki kizima, ulimi ukawa mzito kidogo, mkono na mguu vikagoma. Pampu ya kisima ilikuwa kwenye kibanda chake, hatua sitini kutoka mlangoni, na swichi ilikuwa humo humo. Wiki tatu nyuma Mzee alijikongoja kwenda kuiwasha ili mbuzi wanywe, akaanguka katikati ya safari. Alilala juani tangu asubuhi mpaka Tereza alipomwona, jua la utosi. Walipomwinua, ardhi ilikuwa imeshapiga chapa ya mwili wake, ndevu na vifungo vya shati, na chapa ile mvua mbili hazikuifuta.

"Jumamosi nakuja na gari, na godoro nyuma," Yotham aliendelea. "Utahamia kwangu. Mbuzi tutawagawa."

Mzee aliwaangalia mbuzi wake mmoja mmoja, kama mtu anayeaga msibani.

Hapo ndipo Ruthu, mjukuu wake, alipojikuta amesimama. "Baba mkubwa, nipe mpaka hiyo Jumamosi. Nitamwekea babu kitu cha kuwashia pampu akiwa kwenye kiti chake."

"Kitu gani?"

"Kama vile ninavyowafungia watu mjini."

Yotham hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mwenye hofu huongea kama hakimu. "Sawa. Jumamosi saa nne asubuhi. Ajaze tangi mwenyewe. Asiguswe na mtu, asielekezwe na mtu. Akiweza, anabaki. Akishindwa, anapanda gari, na wewe usinilaumu."

"Sitakulaumu."

"Mke wangu," Mzee akaita toka kitini, maana kwa Wagogo babu na mjukuu ni watani, "umeniweka rehani?"

"Mume wangu, ukifeli naolewa na mwingine."

Watu walicheka.

Ruthu alikuwa na chumba chake Makole, mjini, na kazi yake ilikuwa kuzitia akili nyumba za watu. Dodoma ya leo imejaa nyumba kubwa zinazoufuga uvivu wa wenyewe: geti linafunguka lenyewe, taa inawaka mtu akikohoa, pazia linajivuta kama bibi harusi. Mwenzake, Shaaban, Mrangi wa Kondoa, alifunga nyaya. Ruthu aliandika programu inayoziambia nyaya la kufanya.

Jumatatu asubuhi aliweka mezani kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni, iliyong'olewa kwa mteja aliyehama, na skrini ya kugusa ya ukubwa wa daftari. Akaanza kuwaza lugha.

Kompyuta, kwa asiyeijua, ni kama punda: nguvu inayo, akili haina, na haiendi mpaka isemeshwe kwa lugha inayosikia. Ipo lugha moja inaitwa Java, yenye maneno mengi kama mshenga. Hiyo Ruthu aliitupa kabla chai haijapoa. Ipo C++, yenye mbio, lakini kali, na kila ukibadilisha neno moja lazima uipike upya sufuria nzima, kama makande. Na ipo Python: mbio haina, ila unasema na inatenda hapo hapo, bila kisirani.

Tena lugha peke yake haichori. Inahitaji sanduku la vyombo vya kuchorea skrini: vitufe, rangi, picha. C++ ilikuwa na sanduku liitwalo Qt, sanduku la fundi tajiri, humo hukosi kitu. Python ilikuja na lake dogo, Tkinter: vitufe vya mraba na turubai tupu ya kuchorea mistari. Basi.

"Python na Tkinter," Ruthu alisema. "Nitamaliza Jumatano."

Shaaban alikuwa anamenya waya kwa meno. Akautema. "Unataka kumwonyesha baba mkubwa wako kitu kinachofanana na fomu ya kuombea kiwanja?"

"Ni cha babu, si cha baba mkubwa."

"Anayeamua Jumamosi ni nani?"

Ruthu akafuta vumbi kwenye skrini.

"Mteja hununua kwa macho," Shaaban akasukumia hapo hapo. "Weka maji yanayocheza. Weka kitufe kinachong'aa. Yule bwana akiona vitu anavyoviona kwenye nyumba za wakubwa, ataondoka na godoro lake. Au fanya babu aongee nayo tu, aseme 'maji'."

"Ulimi wake mzito. Na akikasirika anatukana kwa Kigogo. Itafungua mabomba mpaka ya kijiji cha pili."

"Basi Qt."

Ruthu alijua. Moyoni alijua kabisa kwamba ile kompyuta ilikuwa kongwe, na kwamba mtu wa kuisoma skrini ile hatakuwa Yotham. Lakini alimwona Yotham amesimama mbele ya skrini, kidevu juu, na akataka kile kidevu kishuke. Akachagua C++ na Qt. Alipika, akapakua, akapika tena, siku tatu, na mpaka Jumatano jioni skrini ilikuwa nzuri hata nzi walitua juu yake wakidhani ni maji ya kweli.

Alhamisi mchana waliifunga ukutani Zuzu, kando ya kiti cha Mzee, upande wa mkono wake mzima wa kushoto. Shaaban alivuta waya mpaka kwenye kibanda cha pampu, akaweka kidude cha kukata na kuunganisha umeme.

"Shikamoo babu, tumemaliza," alisema.

"Marahaba. Mmeniletea televisheni?"

"Inaonyesha kipindi kimoja tu, babu. Maji."

Dalili ya kwanza ilikuja mapema. Umeme ulikatika, ukarudi. Skrini ikabaki nyeusi. Yale maji ya kuchezacheza yalikuwa mzigo kwa ile kompyuta kongwe. Tereza alitoka, akachuma mlenda, akauchambua, akauinjika, na skrini ndiyo kwanza inafumbua jicho.

"Itazoea," alisema Shaaban.

Ruthu alimwelekeza babu yake: kitufe kikiwa kijani kimeandikwa WASHA, kikiwa chekundu kimeandikwa ZIMA.

"Kijani na nyekundu nilizijua kabla baba yako hajazaliwa," Mzee alijibu, na kweli. Miaka thelathini na moja alikuwa kwenye stesheni ndogo ya reli ya kati, kwenye kibanda cha nyenzo, akivuta vyuma virefu vya kupandisha na kushusha ishara za treni. Kofia yake ya kazi ilikuwa bado inaning'inia msumarini.

Akabonyeza WASHA. Kitufe kikageuka chekundu, kikaandika ZIMA. Kule kibandani pampu ikanguruma. Ruthu na Shaaban wakashangilia, wakaenda kwa Tereza kula, wamwache Mzee azoee.

Hawajamaliza hata ugali, Tereza akainua pua. "Nani anachoma matairi?"

Shaaban alikimbia. Ruthu alimpita Shaaban, Tereza akafuata nyuma. Tangi lilikuwa limejaa na kufurika mpaka mbuzi wanaogelea, kisima kimekauka, na pampu inazunguka bila maji, inatoa moshi mweusi. Shaaban alivuta swichi kwa kijiti, maana haikushikika. Ilichukua saa nzima kupoa, na ilipowashwa tena kwa kujaribu ilikohoa kama mvuta kiko, lakini ilikuwa hai.

Ndani, Mzee alikuwa ameketi vilevile.

"Babu, mbona hukuzima?"

"Ilikuwa imezimwa."

"Ilikuwa inawaka!"

"Ruthu." Hakumwita mke wangu. "Nimekaa hapa sijatoa jicho; mngurumo nikaudhani upepo. Ilikuwa nyekundu."

Shaaban alifungua mdomo kueleza kwamba nyekundu maana yake ni bonyeza hapa ukitaka kuzima, kama ilivyo kwenye simu na nyumba zote za mjini. Mzee hakuwa anamsikiliza. Aliutazama mkono wake wa kushoto, ule mzima, kama unaotaka nao kumsaliti.

"Basi Yotham ana haki," alisema. "Kichwa kimeondoka nacho. Tereza, mwanangu, nishushie ile kofia. Niifungie kwenye gazeti, isiingie vumbi njiani."

Tereza akasimama na kofia mkononi, hajui aifunge au aitundike. Ruthu akaenda nje nyuma ya nyumba, akalia kwa dakika ambazo hakuna aliyezihesabu. Mzee wake hakuwa amechanganyikiwa. Hilo alilijua. Kama hakuchanganyikiwa, basi kuna alichokiona. Akajifuta, akarudi, akaketi sakafuni mbele ya kiti.

"Babu. Ulipoiona nyekundu, uliona nini?"

"Niliona njia imefungwa. Kwani nyekundu ni nini kingine?"

"Na ile kijani ya kwanza?"

"Nilidhani maji yanapita. Nikabonyeza kwa sababu umesema nibonyeze." Alivuta pumzi. "Mwanangu, ishara haikwambii ufanye nini. Ishara inakwambia kilichopo. Ule mkono wa chuma kwenye mlingoti ukinyooka, njia imefungwa. Mkono ukishuka, njia iko wazi. Dereva wa treni hakuulizi wewe unataka nini."

Kitufe cha Ruthu kilisema kitakachotokea ukibonyeza. Babu yake alisoma kilichopo. Wote wawili walisoma sawasawa, na pampu nusura iungue katikati yao.

"Na jambo jingine," Mzee akaongeza. "Wewe ukibonyeza, hiyo inabadilika rangi. Imejuaje kama maji yametoka?"

"Haijui, babu. Inajua umebonyeza tu."

"Mh! Kibandani kwangu nikivuta wenzo, sikuuamini wenzo. Waya ungeweza kukatika. Tulikuwa na kijisaa ukutani chenye kimshale, kinafuata mkono wa kule nje wenyewe. Mpaka kimshale kishuke, treni haipiti. Nilimwona mwenzangu aliyeamini wenzo." Hakueleza yaliyompata huyo mwenzake, na hakuna aliyeuliza.

Ruthu akageuka. "Shaaban, natupa yote."

"Yote nini?"

"C++, Qt, maji ya kucheza, kila kitu. Naandika upya kwa Python. Sitaki sanduku la tajiri, nataka turubai na mistari miwili: mlingoti na mkono."

"Kesho Ijumaa! Kesho kutwa mtu anakuja na godoro!"

"Ndiyo maana. Nikipika makande atatukuta jikoni. Na wewe nenda dukani kaniletee kile kigurudumu cha kupimia maji kwenye bomba, kile kinachozunguka maji yakipita."

Shaaban alishika kichwa. "Wagogo nyinyi mtaniua."

"Mrangi hafi kwa kazi, hufa kwa maneno. Nenda."

Ijumaa waliifanya kazi pale pale, Ruthu na kompyuta yake mapajani, Mzee kitini kama msimamizi wa reli. Hapo ndipo Python ilipoonyesha wema wake: Mzee aliamuru, Ruthu akaandika, na kabla hajashusha pumzi mabadiliko yalikuwa ukutani.

"Mlingoti uwe mweupe. Mkono mwekundu, una mstari mweupe karibu na ncha. Siyo hapo. Hapo. Na hayo maandishi ya nini?"

"Ya kusoma, babu."

"Dereva hasomi gazeti. Yatoe."

Chini yake kilibaki kitufe kimoja kikubwa cha mraba, kibaya kama tofali, kinachoshikika kwa mkono wa mtu aliyepigwa kiharusi: ukikigusa kinawasha, ukikigusa tena kinazima. Lakini kitufe hakikuusogeza mkono wa ishara. Mkono ulishushwa na kile kigurudumu cha ndani ya bomba peke yake. Maji yasipopita, mkono haushuki, hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu. Ruthu alitaka pia programu ikate pampu yenyewe maji yasipoonekana. Mzee alikubali, kwa shingo upande. "Iwe dakika moja. Nafasi ya kwanza ni yangu."

Umeme ulikatika alasiri, ukarudi. Ishara ilisimama ukutani kabla Mzee hajamaliza kupiga chafya tatu, na chafya zake zilikuwa za kufuatana.

Jumamosi saa nne kasoro, gari jeupe. Godoro nyuma, limefungwa kamba. Yotham alishuka, akaenda moja kwa moja kuliangalia tangi, akalizunguka mpaka kwenye ngazi yake, akaja ndani akifuta kutu mikononi kwa leso. Aliitazama skrini. Mistari miwili na tofali.

"Ni hii?"

"Ni hii, baba mkubwa."

"Nilidhani wewe umesomea." Akaketi. "Haya. Asiseme mtu."

Ruthu alisimama mlangoni na mikono juu ya kichwa. Tereza alikuwa nje akijifanya anafagia, na alifagia mahali pamoja mpaka pakawa shimo.

Mzee aliinua mkono wa kushoto, akakigusa kitufe.

Pampu ilinguruma, mbali. Mkono wa ishara ulikuwa umenyooka. Ruthu akahesabu moyoni: tatu, nne, tano. Jana ulishuka kwa tatu. Sita, saba. Mkono umenyooka vilevile. Kigurudumu kimekwama, alifikiri. Mchanga umeingia. Au mimi nimekosea mstari. Akatazama kompyuta yake juu ya meza, hatua mbili tu. Yotham akamwona anavyoitazama, akainua kidole kimoja. Ruthu akabaki.

"Naisikia inanguruma," Yotham alisema polepole. "Pampu inawaka. Hicho kichoro chako kimelala."

Mzee hakumtazama mwanawe wala pampu. Aliutazama mkono mwekundu. Tisa, kumi. Akakigusa kitufe tena. Mngurumo ukakatika.

"Umezima?" Yotham akauliza. "Tangi halijaingia hata kikombe."

"Njia imefungwa," alisema Mzee.

"Unajuaje? Labda ni mashine ya Ruthu imeharibika."

"Labda. Lakini mkono umenyooka, na mkono ukinyooka mimi sipitishi treni." Ulimi ulikuwa mzito, maneno hayakuwa. "Yotham, miguu yangu ni yako leo. Nenda kaangalie koki ya juu ya tangi. Halafu uje uniambie nani ameifunga."

Hata fagio la Tereza lilinyamaza.

Yotham aliikunja leso yake ndogo, ikawa ndogo zaidi. "Nimeifunga mimi," alisema. "Nilipofika. Tereza aliniambia kwa simu yaliyotokea juzi, pampu inatoa moshi na wewe umekaa unaambiwa imezimwa. Nikasema hiki kitu kama kitamdanganya tena, afadhali kimdanganye nikiwepo."

"Ningekuwa nimeifuata skrini ya juzi, ningeiunguza."

"Najua, Baba. Ndiyo maana nilifunga."

Akatoka. Walimsikia akipanda ngazi ya tangi na viatu vyake vya mjini, akiteleza, akimtaja Mungu. Alipopiga kelele "Tayari!" Mzee akakigusa kitufe mara ya tatu. Moja, mbili, tatu. Mkono mwekundu ukashuka, taratibu, kama ulivyoshuka mbele ya treni zote za miaka thelathini na moja, na kule juu maji yakaanza kupiga bati la tangi.

Ruthu alishusha mikono yake kutoka kichwani. Ilikuwa imekufa ganzi.

Tangi lilipojaa Mzee alizima, mkono ukanyooka. Yotham aliingia amelowa mpaka kiunoni, akasimama mbele ya skrini. Kidevu kilikuwa mahali pake. Ruthu hata hakukumbuka kukiangalia. Yotham alifungua kamba za godoro, akaliingiza chumbani kwa baba yake. "La zamani limekwisha," alisema tu, na akaenda kuongea na Tereza habari ya kumpigia simu kila asubuhi.

"Mke wangu," Mzee akaita.

"Abee, mume wangu."

"Huo mkono uko upande wa kulia wa mlingoti. Stesheni kwangu ulikaa kushoto."

"Mbona hukusema jana?"

"Jana ulikuwa bado na macho mekundu. Mimi nyekundu siipiti."

Ruthu akachukua kompyuta, akaweka alama ya kutoa mbele ya namba moja, na mkono ukarukia kushoto. Mzee akaukagua, akaguna. Kisha akamwambia Tereza amrudishie kofia kwenye msumari wake.